Bwawa Lisilojaa

Kwetu Mwabusiga asubuhi inaanza na harufu. Jogoo anawika, sawa, lakini anayetuamsha ni dereva wa gari la majitaka. Akifika mabwawani akamwaga, harufu inashuka mpaka vitandani. Unafunga dirisha, unawasha moto, unapika uji, na uji wenyewe unaunywa umeziba pua. Mgeni akija anauliza tunaishije hapa. Tunamwambia karibu kiti.

Mwabusiga ni mji mdogo, ukitoka Bariadi kama unaelekea Nkoma. Mabwawa ya majitaka yako juu, kwenye mwinuko. Sisi tuko chini yake. Chini yetu kuna mashamba ya mpunga, na chini ya mpunga kuna kijito. Kando ya kijito kuna visima vya kufukua. Huko ndiko tunakochota maji bomba likikatika, na bomba linakatika sana. Lipange hilo vizuri kichwani mwako: mabwawa juu, halafu nyumba, halafu mpunga, halafu visima. Maji hayapandi mlima. Yanashuka, na kila kinachotoka juu kinatufikia sisi.

Jina langu ni Klementina. Mume wangu anaitwa Masele. Watoto wakubwa wameshaondoka, kila mtu na maisha yake. Nyumbani amebaki wa mwisho, Joyness. Wakati huo alikuwa na miaka mitano. Huyo ndiye aliyenizeesha.

Joyness alikuwa anaharisha, anapona, anaharisha tena. Akipata nafuu kidogo, anacheza, nafurahi. Wiki haiishi, macho yameingia ndani tena, midomo imekauka, nambeba mgongoni kwenda zahanati. Nilikuwa nambeba mtoto wa miaka mitano na sioni uzito. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Felisita, muuguzi wa zahanati yetu, alishanizoea. Alikuwa ananipa pakiti za dawa ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki, na maneno yaleyale: chemsha maji ya kunywa, nawa mikono, funika chakula. Nilikuwa namwitikia tu. Siku moja aliniweka kitako, akafunga mlango.

"Mama Joyness," alisema, "dawa nakupa, lakini mtoto akirudi nyumbani anakunywa ugonjwa upya. Mwili wake umechoka. Safari moja atazidiwa njiani, na hatutawahi."

Nilimwambia nachemsha maji. Kweli nilikuwa nachemsha. Lakini kuna siku kuni zimelowa. Kuna siku umetoka palizi, mgongo hauna kazi, umelala na nguo za shamba. Kuna siku mtoto mwenyewe ameinama kisimani na kunywa kwa kiganja, wewe umegeuka kumjibu mtu salamu. Nani anaweza kumlinda mtoto kila dakika? Nimejaribu, nimeshindwa, na wala sioni haya kusema.

Sasa nikueleze habari ya mabwawa. Yalikuwa matatu. Yanasimamiwa na Bodi ya Majitaka ya Mwabusiga. Zamani gari lilikuwa linakuja moja moja. Siku hizi nyumba za wageni ni nyingi, mabweni ni mengi, soko limekua, na kila penye watu wengi vyoo vinajaa. Magari yakawa yanapishana barabarani tangu asubuhi hadi jioni. Bodi ikatangaza mpango wa kuchimba bwawa la nne na kuondoa tope lililojaa chini ya bwawa la kwanza. Wananchi tukaambiwa tuchague kamati ya kuusimamia mradi huo. Tukamchagua Masele awe mwenyekiti.

Tulimchagua kwa sababu haogopi ofisi. Akiingia kwa mkubwa anakaa mbele, anauliza, na asipojibiwa haondoki. Lakini na yeye walimchosha. Kila akienda kuuliza bwawa la nne linaanza lini, meneja wa Bodi alikuwa anamjibu kwamba haraka ya nini, bwawa la kwanza halijajaa. Pale ndani ya bwawa pana nguzo imesimama, ina alama nyekundu. Maji yakifika kwenye alama, bwawa limejaa. Na kweli, kila ukienda kutazama, maji yalikuwa chini ya alama. Kazi ikawa inaahirishwa, mwaka unaisha, mwingine unaingia.

Masele alikuwa anarudi nyumbani amenyong'onyea. Anakaa kwenye kigoda, anavua viatu. Mimi nilikuwa namuuliza swali moja tu: magari yameongezeka, harufu imeongezeka, iweje bwawa halijai? Alikuwa ananiambia niache, nimletee maji ya kuoga.

Tulikuwa tunalima mpunga kwa majaruba, kama watu wote wa huku. Kama hujui jaruba, ni kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta la udongo ili maji ya mvua yakae. Jaruba la juu likijaa, unakata tuta kidogo, maji yanashuka kwa jirani. Hiyo ndiyo adabu ya majaruba. Mwenye jaruba la juu hazuii maji wakati mpunga wa mwenzake unapasukiwa na ardhi. Ukizuia, watu hawakusalimii, na ukiwa na msiba unajikuta na jembe lako peke yako kaburini.

Basi mwaka ule mvua ilikatika Januari, mpunga ungali mdogo. Tulikuwa tunatazama mbingu mpaka shingo zinauma. Mzee Ngassa, jirani yetu mwenye majaruba yanayopakana na ya kwetu, akatazama kule juu. Akaona maji yamezungushiwa matuta, yametulia, hayana kazi. Macho ya mkulima wa mpunga yanaona nini hapo? Yanaona jaruba la juu. Wanaume wakakata tuta la bwawa la tatu, lile la mwisho, wakachimba kamfereji, wakakafunika kwa nyasi. Wanawake tuliambiwa ni maji yaliyokwisha kusafishwa, ambayo hata hivyo yangemwagwa kijitoni. Tukaona afadhali yapite kwenye mpunga kwanza.

Mpunga ukapendeza, jamani. Ulikuwa wa kijani hadi unaelekea weusi. Watu wa kutoka Mwamapalala walikuwa wanashuka kwenye baiskeli kuuliza tunatumia mbolea gani. Mzee Ngassa anawajibu kwamba ni Mungu tu, halafu anatutazama pembeni, anacheka. Kuanzia hapo kila mvua ikisumbua, kamfereji kanafunguliwa.

Msimu wa tatu tukiwa hivyo, Bodi ikaletewa injinia mpya. Jina lake Jenifer. Mwanamke mnene kiasi, mpole, anavaa viatu vya mvua hata jua likiwaka. Wiki ya kwanza tu aliomba kukutana na kamati, na kamati ikakutana uani kwetu. Niliwatengea michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, nikakaa karibu na jiko, nasikiliza.

Masele alimpelekea maswali yake yote, na sauti haikuwa ya kukaribisha mgeni. Jenifer hakubisha. Alisema hata yeye hilo jambo linamsumbua. Amehesabu magari yanayoingia kwa siku, akapiga hesabu, na kwa magari yale bwawa lilipaswa kuwa limejaa zamani. Maji yanakwenda wapi? Nilimwona Masele anatazama chini. Mzee Ngassa akatia michembe mdomoni.

Kisha Jenifer akawaeleza mabwawa yanavyofanya kazi. Alieleza taratibu, hata mimi wa jikoni nikaelewa.

"Hapa hatusafishi majitaka kwa dawa," alisema. "Tunasafisha kwa muda. Bwawa la kwanza, uchafu mzito unazama chini, unakuwa tope. La pili na la tatu, jua linapiga, vijidudu vya magonjwa vinakufa, mayai ya minyoo yanazama. Safari hiyo yote inataka wiki kadhaa. Maji yakipita haraka, yanatoka na ugonjwa wake wote."

Mzee Ngassa akamuuliza, je, kama maji yanaonekana meupe? Jenifer akamwambia jicho halioni kijidudu. Mzee akauliza tena, na kama yanastawisha mazao? Akamwambia ndiyo, yanastawisha sana, kwa sababu mbolea imo. Lakini mbolea na kipindupindu vinakaa kwenye maji hayohayo, na mmea hauwezi kukuchagulia.

Kabla ya kuondoka, Jenifer aliniomba magunzi ya mahindi. Nilishangaa injinia anataka magunzi ya nini. Nikampa nusu tenga. Aliyapaka rangi nyekundu, akayaanika kwenye paa la gari yakakauka, akapanda nayo mabwawani. Akayatupa kwenye bwawa la kwanza, pale pale gari linapomwaga. Alisema gunzi linaelea, halina ujanja, linafuata maji yanakokwenda. Kama bwawa ni zima, magunzi yatazunguka humo humo siku nyingi.

Jioni ile Masele hakula. Nilidhani ni uchovu.

Kesho yake nilikwenda palizi. Joyness alikuwa amepona pona, nikamchukua, nikamkalisha kwenye tuta na kipande cha kiazi. Mimi nimeingia kwenye jaruba, maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, nang'oa magugu. Nasikia mtoto anaongea peke yake, anaimba, anabembeleza. Unajua watoto wetu, gunzi kwao ni mwanasesere. Nikageuka kumtazama. Alikuwa na gunzi jekundu. Amelifunga kwa jani, amelipakata, analibusu kichwani.

Nilitoka majini nikakimbia, nikamnyang'anya. Alilia sana. Nilimuosha mdomo na mikono kwa maji niliyobeba ya kunywa, yote, na bado niliona hayatoshi.

Kisha nikamweka mgongoni, nikaufuata mfereji. Nilikuwa nafunua nyasi kwa mguu na kupanda. Nilitegemea utanipeleka bwawa la tatu. Haukunipeleka huko. La tatu lilikuwa karibu kavu, udongo umepasuka. Mfereji ulilipita, ukapita na la pili, ukanifikisha ubavuni mwa bwawa la kwanza. Tuta limekatwa na kuwekwa bomba kuukuu, na maji yanatiririka, meusi, yana povu. Ng'ambo ya pili gari lilikuwa linamwaga. Nilisimama pale na mtoto mgongoni. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu wa nyumbani kwangu.

Nilimkuta Masele anarekebisha mpini wa jembe. Nikaliweka gunzi mbele yake.

"Baba Joyness," nikamwambia, "hili injinia alilitupa jana pale gari linapomwaga. Leo mwanao alikuwa analibusu."

Hakuuliza limetoka wapi. Hapo nikajua kwamba alijua.

Alinieleza. Mwaka uliotangulia bwawa la tatu lilianza kukauka, kwa sababu maji yalikuwa yanashuka kwetu haraka kuliko yalivyoingia. Mzee Ngassa na wenzake wakahamisha mfereji, wakapanda nao bwawa la pili, na msimu huu wakafika la kwanza. Yeye alikuja kuambiwa kazi imeshakwisha. Mpunga ulikuwa unakaribia kubeba mimba. Akaona asubiri tuvune kwanza.

"Na kuna jambo lingine," alisema. "Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati. Nikisimama nikasema wakulima wametoboa bwawa, Bodi watapata pa kutubania. Watasema wachafuzi ni sisi. Bwawa la nne litakufa, na magari yataendelea kuja. Nimelipigania bwawa hilo mpaka nimechoka, Mama Joyness."

Nilimwonea huruma, sikatai. Alikuwa amechoka kweli, ana mvi ambazo mwaka jana hazikuwepo. Lakini na mimi nimechoka. Nilimwambia hivi:

"Felisita aliniambia safari moja hatutawahi. Kamati ichekwe. Mpunga ukauke. Mimi sitazika mtoto ili wewe uheshimiwe ofisini."

Aliendelea kushika mpini, lakini hakuwa anafanya kitu.

Mkutano wa mtaa ulikuwa Jumamosi, kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe. Watu walijaa. Meneja wa Bodi alikuja, na Jenifer alikuja. Masele alisimama, akasalimia, akakohoa. Kisha akasema yote. Alieleza mfereji ulipoanzia, ulivyohama, na kwamba hata majaruba yake yananywa humo. Hakumtaja mtu kwa jina, lakini Mwabusiga nani hamjui nani. Mzee Ngassa alisimama na fimbo yake akasema Masele amewauza. Watu wakaanza kupiga kelele.

Meneja alinyoosha mkono, uso umekunjuka. Akasema kumbe tatizo limeshajulikana. Wananchi wenyewe ndio waharibifu, bwawa halina shida, na mradi hauna haja ya haraka. Lilikuwa neno kwa neno kama Masele alivyoniambia. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amekaa, mabega yameanguka, na mimi nikajiuliza kama nimefanya vema kumsukuma.

Jenifer akaomba kusema.

"Samahani, meneja," alisema. "Tumekuwa tukisoma nguzo na kusema bwawa lina nafasi. Kumbe maji yalikuwa yanatoka ubavuni, na mabwawa haya yameunganishwa: ukipunguza la chini, la juu nalo linashuka. Nguzo haikuwa inatuambia ukweli, wala sisi hatukuzunguka tuta kuangalia. Wananchi wakiziba, ndipo tutajua bwawa hili linabeba kiasi gani. Nadhani halibebi. Tuzibe, tuone."

Nilielewa palepale, na najua wengi walielewa, maana waliguna. Miaka mitatu tulikuwa tunalalamika kwamba bwawa limezidiwa, na miaka hiyohiyo tulikuwa tunalipunguza maji kwa mlango wa nyuma. Sisi wenyewe tulikuwa tunaficha ushahidi wetu.

Mzee Ngassa akauliza, na mpunga je? Jenifer hakumpaka mafuta. Alimwambia mpunga wa msimu huu hautapata maji, na hata ungepata, yeye asingemshauri mtu aendelee kuingia humo na miguu mitupu. Mzee akamwambia ni rahisi kusema kama shamba si lako. Jenifer akakubali kwamba ni rahisi.

Masele akasimama tena akasema ataanza kuziba yeye.

Jumatatu waliziba. Nakwambia, kwa kutengeneza tuta hakuna wa kuwashinda wakulima wa majaruba. Walishindilia udongo wa mfinyanzi kwa miguu na kwa michi, wakapanga mawe, wakapiga tena. Mzee Ngassa alikuja amechelewa, hakumsalimu Masele, lakini alipoona upande mmoja umelegea, aliweka fimbo chini akaurudia mwenyewe.

Kisha tukangoja. Kila asubuhi watu walikuwa wanapanda kutazama nguzo. Magari yalikuwa yanakuja kama kawaida. Maji yakajaza la pili na la tatu, kisha yakaanza kupanda kwenye la kwanza. Yakaifikia alama nyekundu. Yakaipita. Mwisho yalikuwa yanalamba ukingo wa tuta, na upepo ukivuma yanachuruzika nje. Masele alimpigia simu meneja, akamwambia aje na viatu vya mvua. Meneja alikuja. Gari lingine likawa linarudi nyuma kutaka kumwaga, na ni yeye mwenyewe aliyekimbia kulizuia, suruali imerukiwa na majitaka.

Masele alimuuliza kwa upole, bwawa hili lilijengwa kupokea magari mangapi kwa siku? Akajibu. Na sasa yanaingia mangapi? Akajibu hilo pia, kwa sauti ya chini. Ilikuwa zaidi ya mara mbili. Tope je, mara ya mwisho liliondolewa lini? Hapo alitazama kando. Hakuna aliyemcheka. Tulikuwa tumechoka wote, na yeye alionekana amechoka.

Kuanzia siku ile mambo yalibadilika, ingawa polepole mno. Magari mengine yalielekezwa mabwawa ya mbali. Pampu ililetwa kuondoa tope, ikaharibika, ikaletwa nyingine. Katapila la kuchimba bwawa la nne lilikaa wiki nyingi likisubiri kifaa, na kamati ikawa inakwenda ofisini kuuliza, inarudi, inakwenda tena. Bodi ilikubali kuandika kwenye ubao wa mtaa magari yaliyoingia kila wiki, na kamati ikapewa ruhusa ya kuzunguka matuta na kusoma nguzo wakati wowote. Mzee Ngassa aliingizwa kwenye kamati. Masele ndiye aliyependekeza. Alisema mtu anayejua kutoboa tuta ndiye atakayeona limetobolewa wapi.

Mpunga wetu ulikauka na mimba yake. Tuliung'oa, tukauchoma. Sitaki kukudanganya kwamba haikuuma. Nililia nikiwa nashika masuke matupu. Mwaka mzima tulikula ugali na michembe, na kuna miezi michembe yenyewe tuliihesabu kwenye sahani. Mzee Ngassa alitununia msimu wote. Siku aliyopita na kutusalimu "Mwangaluka", Masele alishtuka hadi akasahau kuitikia.

Visima vya chini Felisita na mabwana afya walivifunga kwa muda, wakatibu maji, na kisima kipya chenye ukuta na mfuniko kikachimbwa juu kabisa, mbali na mteremko wa mabwawa. Bado nachemsha maji. Maji ya bwawa la mwisho yanapelekwa maabara kupimwa, na Jenifer amesema hayatagusa chakula cha mtu mpaka majibu yaseme ni salama. Mzee Ngassa anamuuliza majibu kila wiki, anataka kujua habari ya pamba angalau, maana pamba hailiwi. Jenifer naye anamwambia asubiri.

Nawe kama unaishi karibu na mabwawa ya namna hii, usiridhike na kuambiwa kwamba yana nafasi. Uliza yalijengwa kupokea kiasi gani, na sasa yanapokea kiasi gani. Uliza tope liliondolewa lini, na nani anapima maji yanayotoka. Zunguka matuta kwa miguu yako. Na ukikuta tundu, hata kama ni la kwenu, lisemwe. Utachukiwa kidogo. Unachukiwa, halafu maisha yanaendelea.

Bwawa la nne lilifunguliwa kabla ya mvua za mwaka huu. Watu walipiga makofi, meneja akahutubia, Masele akaulizwa kama ana neno. Akasema neno lake ni kwamba na hili litajaa siku moja, basi tusilale. Watu wakacheka, akakaa.

Kisha mvua zikaja, zile ambazo kila mwaka zilikuwa zinanikuta zahanati. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Nilikuwa namgusa Joyness tumbo kila asubuhi, nampima shavu, naangalia macho. Anasema mama niache, anakimbilia nje. Nikimbeba sasa, mgongo unalia. Amekuwa mzito.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, mvua inanyesha taratibu, nikasema nijinyooshe kidogo kabla ya kupika. Nilipofumbua macho mvua ilikuwa imekwisha na jua limeelekea magharibi. Niliruka kitandani kwa hofu, nikasikiliza. Joyness alikuwa anagombana na watoto wenzake nje, kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimelala mchana mzima, na hakuna aliyekuja kuniamsha.